Krome kwa Krome

Swali mnaloniuliza mara nyingi, vijana wangu wa kambi ya Dzaleka, ni silinda ipi inadumu zaidi: yenye shemizi ya chuma cha kawaida au ile iliyopakwa krome ndani. Nitajibu hapa hapa mwanzoni, ili wenye haraka wachukue jibu lao warudi kwenye kabaza zao, pikipiki za kubebea abiria. Krome inadumu zaidi kwa mtu anayebadilisha oili kwa wakati na kusafisha chujio la hewa. Kwa mtu asiyefanya hayo, tia chuma cha kawaida, maana kikiharibika utakichonga upya au utakitoa uweke kingine. Krome ikibanduka, imekwisha. Na mimi katika maisha yangu yote nimekutana na watu wachache sana wanaosafisha chujio la hewa.

Kwa asiyejua, shemizi ni bomba la chuma linaloingizwa ndani ya bloku ya motori, na pistoni inapanda na kushuka humo. Sisi wa Congo tulichukua jina hilo kwenye Kifaransa. Lilongwe wanaiita silivu. Mimi Wilondja, mtu wa Fizi niliyekulia Uvira, nimetia na kutoa shemizi kwa zaidi ya miaka thelathini, kwanza Uvira, halafu Biwi, mjini Lilongwe, hapa Malawi. Sasa mikono inatetemeka na nimeacha. Nakaa hapa kambini peke yangu. Asubuhi nafagia uwanja ambao hakuna aliyeuchafua, kisha nakaa mlangoni nasikiliza pikipiki zenu zikipita, na kila moja naiambia moyoni ugonjwa wake.

Nilipofika Biwi sikuwa na cheti wala kifaa, nilikuwa na maarifa ya Uvira tu. Aliyenipokea alikuwa fundi mmoja wa hapo, Bambo Mbewe, yaani Bwana Mbewe, mtu mrefu, mpole, mwenye karakana ndogo na mashine moja ya kuchonga silinda aliyoipenda kama watu wengine wanavyopenda ng'ombe. Kazi ya kuchonga ni kupanua tundu la silinda kidogo kidogo mpaka liwe duara kamili tena, kwa kipimo chembamba kuliko unywele. Mbewe alikuwa akiweka kidole ndani ya tundu, anafumba macho, anasema ni wapi pamebaki kiasi. Tukipima kwa kipimo chenye mshale kama saa, tunakuta ni kweli. Sijaona mkono kama ule tena.

Siku za mwanzo nilitaka kumwonyesha kwamba na mimi najua kitu. Shemizi kavu, ile isiyoguswa na maji, lazima iwe nene kuliko tundu lake kwa kiasi kidogo sana, ili ishike. Ukiilazimisha kwa nyundo, unaipinda. Uvira tulikuwa tunaipasha bloku moto na shemizi tunaigandisha. Bloku inatanuka, shemizi inasinyaa, na inateremka yenyewe. Jirani yetu pale Biwi, mama mmoja aliyeuza vifuko vya maji ya rangi yaliyoganda, alikuwa na friza. Nikamwomba nafasi, akanipa. Nilichosahau ni kufuta grisi ambayo kiwanda kinapaka shemizi isipate kutu. Siku mbili watoto wa Biwi walifyonza barafu yenye harufu ya grisi. Yule mama alikuja karakana na kifuko mkononi, akanitaka nikifyonze mbele ya watu wote. Nilikimaliza. Kilikuwa cha chungwa. Mbewe alicheka mpaka akashikilia meza, na tangu siku ile tukawa marafiki. Basi futeni grisi kwanza.

Krome niliijua Uvira, kwa mwalimu wangu Papa Kashindi, aliyetengeneza motori za mashua za ziwani. Mazuti, yaani dizeli, ya pale yalikuwa machafu, yenye asidi inayokula chuma cha kawaida, kwa hiyo alipenda shemizi zilizopakwa krome. Alinifundisha mambo mengi. Kwamba silinda ya chuma ukishaichonga, lazima uipige mikwaruzo ya kukatana kwa jiwe la kukwaruzia, kama mkeka, ili oili ipate mahali pa kukaa. Kwamba ukimaliza unaiosha kwa maji ya moto na sabuni, unapitisha kitambaa cheupe, na unarudia mpaka kitambaa kitoke cheupe; petroli peke yake haiondoi unga wa jiwe. Kwamba motori mpya usiiache iungurume bila mzigo kutwa nzima, maana silinda itang'aa kama kioo na itakunywa oili maisha yake yote. Lakini jambo moja alilirudia kuliko yote.

"We Wilo, krome na krome ikikutana itakulana," alikuwa akisema. "Shemizi ikiwa ya krome, ringi za pistoni iwe za chuma cha kawaida. Ama uache hiyo kazi."

Ringi ni zile pete zinazoizunguka pistoni na kusugua shemizi. Onyo hilo nililijua kama ninavyojua jina la mama yangu. Kumbukeni hivyo, maana kinachofuata si kosa la mtu asiyejua.

Mitundu, kusini mwa Lilongwe, kulikuwa na mama anaitwa Mayi Esinati. Alikuwa na kinu cha kusaga mahindi chenye motori mbili za dizeli za aina moja, kila moja na silinda moja. Moja inakoboa, nyingine inasaga. Msimu mmoja zote mbili zilianza kutoa moshi wa buluu, akazileta kwetu. Mimi na Mbewe tulikuwa na ubishi wetu wa siku nyingi: yeye mtu wa chuma cha kawaida, mimi mtu wa krome. Tukaona hii ndiyo nafasi. Vumbi ni lile lile, mazuti yale yale, mwenye mali yule yule. Tukakubaliana motori ya kukoboa itiwe shemizi ya chuma, ya kusaga itiwe ya krome, na kila mwaka baada ya mavuno tutakwenda Mitundu kuzifungua na kupima pale juu ambapo ringi ya kwanza inageukia, maana ndipo silinda inapolika zaidi. Mayi Esinati tulimweleza, akakubali. Alisema yeye anachotaka ni unga utoke. Shemizi ya krome niliiagiza kwa dereva wa lori anayetoka upande wa Tanzania, ikachukua wiki kadhaa. Mbewe alichonga matundu yote mawili. Aliyachonga vizuri. Nilipima mimi mwenyewe.

Wiki ile ile mke wangu Furaha na binti zetu wawili waliondoka kwenda kuishi nchi ya mbali, katika mpango wa kuhamisha wakimbizi. Mimi nilikuwa nimefika Malawi miaka miwili baada yao, nikaandikishwa kwa faili langu peke yake, na kila tulipoomba mafaili yaunganishwe tuliambiwa tusubiri. Zamu yao ikafika, yangu haikufika. Tulikubaliana waende, kwamba mimi nitafuata. Niliwasindikiza uwanja wa ndege mpaka pale mtu asiyesafiri anapozuiwa. Binti mdogo alikuwa amevaa sweta jipya kubwa, mikono imemfunika vidole, akanipungia sweta.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kazini kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda. Mezani kulikuwa na paketi mbili za ringi, moja ya chuma, moja ya krome. Ringi za krome zilikuwa za ile motori yenye shemizi ya chuma. Huko zinafaa, tena zinafaa sana. Nikazifunga motori zote mbili siku ile peke yangu, maana Mbewe alikuwa ameitwa msibani kijijini kwao. Nakumbuka nilikaza kila boliti kwa kipimo chake. Nakumbuka nilipaka oili. Paketi sikumbuki. Mikono ilifanya kazi, na mimi nilikuwa bado nimesimama pale nikiangalia lile sweta.

Motori ya kusaga ilifanya kazi siku kumi na moja, ikakwama. Ilikwama katikati ya siku ya soko, kina mama wamepanga ndoo zao kuanzia mlangoni mpaka barabarani. Wengine walikuwa wametembea na mahindi kichwani tangu alfajiri, ikabidi wayabebe tena kwenda kinu kingine mbali. Mayi Esinati aliileta Biwi kwa gari la kukodi. Mbewe alikuwa bado kijijini, akimalizia mambo ya msiba. Nikaifungua.

Silinda ilikuwa imechanika michirizi juu mpaka chini. Nikachomoa pistoni, nikaangalia ringi, nikaona zinang'aa. Krome kwa krome. Nilikaa chini kwenye ndoo. Mayi Esinati alikuwa amesimama mlangoni, akaniuliza ni nini, na mimi nikasikia mdomo wangu ukisema tundu halikuchongwa sawa, shemizi imebanwa upande mmoja.

Sikupanga kusema hivyo. Lakini kilichofuata nilikipanga. Shemizi ile niliitoa kwa kupiga mistari ya weldingi ndani yake, ikasinyaa, ikaachia. Kisha nikawasha mashine ya Mbewe na kulipanua tundu lile kwa ajili ya shemizi nene zaidi ya chuma, na ushahidi wote ukageuka vumbi miguuni pangu. Ringi nilizitupa chooni. Mbewe aliporudi, kazi ilikuwa imekwisha na hadithi ilikuwa imeshafika Mitundu.

Nilimwambia vile vile nilivyomwambia Mayi Esinati. Nilingoja akatae. Nilitaka akatae, aseme haiwezekani, aulize shemizi iko wapi, ringi ziko wapi, kusudi nishindwe. Hakuuliza. Alitazama mikono yake, akaigeuza, akasema labda ni macho, umri unakuja. Aliniamini kwa sababu hakuwahi kuona sababu ya kutoniamini.

Kuanzia hapo Mbewe alianza kupima kila kitu mara tatu. Tundu ambalo zamani alilimaliza kwa saa moja likawa linachukua siku nzima, anapima, anazima, anapima tena. Akaacha kuingiza kidole. Wateja wa Mitundu wakapungua, maana Mayi Esinati alikuwa mtu wa kusikilizwa sokoni na alisema alichoambiwa. Baada ya miezi michache Mbewe aliweka kipimo chake kwenye meza yangu, kile cha saa, alichokuwa hamruhusu mtu kukigusa.

"Achimwene, ndugu yangu, chonga wewe," akasema. "Mimi nitafungua na kufunga."

Njo hivyo nikawa mchongaji wa karakana ile, kwenye mashine ya mtu mwingine, kwa uongo wangu. Nilichonga miaka mingi. Watu walinisifu. Hakuna kazi niliyoifanya vizuri kama kazi za miaka ile, na sikuweza kumwonyesha mtu yeyote kwa furaha. Mbewe aliendelea kuwa mwema kwangu, na wema wake ndio ulionifanya nianze kumkwepa. Akikaa upande huu, mimi naona kazi upande ule. Akiniuliza habari za Furaha na batoto, najibu neno moja. Naye, mtu wa heshima, akaacha kuuliza. Tulifanya kazi mita mbili mmoja kutoka kwa mwenzake, na siku nyingine maneno pekee tuliyoambiana yalikuwa namba za spana.

Jaribio letu la kulinganisha lilikufa. Biwi nzima walisema krome haifai, Bambo wa Congo alijaribu ikaua motori. Niliwaacha waseme. Motori ya kukoboa, ile yenye shemizi ya chuma na, kwa kosa langu, ringi za chuma pia, ilikwenda miaka saba bila kufunguliwa. Hilo nawapa bure. Huo ni mchanganyiko mzuri kwa kinu.

Furaha alikuwa akipiga simu kila Jumapili, halafu kila mwezi. Faili langu lilisubiri. Sitalieleza hilo zaidi. Wengi wenu hapa mnalijua kwenu wenyewe. Siku hizi binti mkubwa ananitumia picha za watoto wake, wanazungumza lugha nisiyoijua. Nazitazama. Kisha nafagia uwanja.

Baadaye ikaja amri kwamba wakimbizi tunaokaa mjini turudi kambini. Nilifunga virago vyangu Biwi asubuhi moja. Mbewe alinisindikiza mpaka kwenye basi dogo la kuja huku Dowa, amebeba sanduku langu la vifaa begani, na njia nzima nilikuwa na maneno mdomoni. Basi likajaa. Akanipa mkono, akasema zikomo, asante, kwa kazi yote, nami nikapanda. Nilimwona dirishani amesimama mpaka tukakata kona.

Hapa Dzaleka hakuna mashine ya kuchonga. Nilitengeneza pikipiki kwa mkono, mnaijua hiyo kazi. Mikono ilipokataa nikaanza kuwafundisha ninyi, Jumamosi, katika uwanja wa kanisa. Na huko ndiko mambo yalikonishinda. Mtakumbuka siku Neema, binti yule mrefu anayetengeneza majenereta, aliponiuliza mbele ya wote, "Papa Wilo, kosa yako kubwa kwa kazi ilikuwa gani?" Nikawasimulia friza na vifuko vya barafu. Mlicheka sana. Neema hakucheka sana. Aliniangalia, akasema hilo ni kosa dogo. Sijui kama alikuwa na maana yoyote. Lakini nilirudi nyumbani na vicheko vyenu masikioni, nikakaa kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza nikahesabu tangu ule uongo: miaka tisa.

Nilichukua karatasi ya ruhusa ya kutoka, nikaenda Lilongwe. Mbewe alikuwa ameshafunga karakana ya Biwi na kuhamia kwa mwanawe, mtaa wa Mtandire, katika zile njia nyembamba ambazo lazima uulize kila nyumba. Nilimkuta uani, ameketi na kofia magotini. Alikuwa amepungua mwili. Alisimama aliponiona, akafurahi, akataka kuniletea kiti. Nikamwomba asilete kiti kwanza. Nilijua nikikaa sitasema.

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama: paketi, ringi, weldingi, chooni. Kuhusu Furaha na uwanja wa ndege sikumwambia. Nilifikiri njiani kama nimwambie, nikaona nikisema hilo nitakuwa naomba kitu.

Kuku walikuwa wanapita kati yetu. Kisha akaniuliza swali la fundi: tundu lilikuwa duara? Nikamwambia lilikuwa duara kabisa, nililipima mwenyewe, halikuwa na kosa hata kidogo.

"Miaka tisa nimeuogopa mkono wangu," akasema. Hakupandisha sauti. "Hata kisu cha kumkatia mjukuu mua, nampa mtu mwingine anishikie."

Nilisema naomba msamaha. Akatikisa kichwa, si kukubali wala kukataa, ni kama mtu anayefukuza nzi. Akasema, "Nenda Mitundu ukamwambie yule mama. Halafu urudi kwenu."

Hakunisindikiza.

Nilikwenda Mitundu siku ile ile. Kinu cha Mayi Esinati sasa kinatumia umeme. Zile motori mbili zimekaa nyuma ya jengo, kutu na majani. Mwenyewe ni mzee, anatembea kwa fimbo, lakini sauti ya sokoni bado anayo. Alinisikiliza akiwa amekaa juu ya gunia la pumba. Nilidhani atanifokea kwa ajili ya motori yake. Hakuitaja motori.

"Mimi nilimsema vibaya mtu yule mbele ya watu," akasema. "Umenifanya mwongo, Bambo."

Nikasema ndiyo. Akauliza Mbewe anakaa wapi siku hizi. Nikamwelekeza. Akaniambia atakwenda sokoni kwanza, pale pale aliposemea, aseme tena kwa usahihi, na kisha ataenda Mtandire mwenyewe. Hakuniaga vizuri, nami sikustahili. Nilirudi Dzaleka jioni nimesimama ndani ya basi dogo mpaka miguu ikafa ganzi.

Watu husema ukikiri jambo unakuwa mwepesi. Labda wengine. Mimi nilikuwa mpweke zaidi kuliko kabla, maana zamani angalau nilikuwa na Mbewe wa kwenye kumbukumbu, anayenipenda. Sasa sikuwa na huyo. Masika yakapita. Nilifundisha Jumamosi, nilifagia, nilipika chungu kidogo nikala siku mbili. Mlinikuta mkali miezi ile; sababu ni hiyo, na ninawaomba radhi, hasa yule niliyemnyang'anya jiwe la kukwaruzia silinda.

Ilikuwa kiangazi, mchana, niko mlangoni, simu ikalia na namba sikuijua. Sauti ikaanza bila salamu.

"Nina silinda ya alumini hapa, ya motori ya pampu ya maji," Mbewe akasema. "Haina silivu. Ndani imepakwa nikeli. Imepata mkwaruzo mmoja upande wa tundu la moshi. Nichonge nitie silivu, au niiache?"

Nilisimama. Nikamwuliza mkwaruzo unashika ukucha au haushiki. Akasema kidogo. Nikamwuliza kama ule utando wa nikeli umetoboka na alumini inaonekana, au ni alumini ya pistoni imejipaka juu yake tu, maana mara nyingi ni hiyo, na inatoka kwa asidi kidogo na uvumilivu bila kuugusa utando. Tukazungumza. Nikasema utando ule ni mgumu kuliko jiwe lolote la kawaida, ukiukwaruza unapoteza jiwe lako. Kisu cha kuchongea nacho kinaumia. Akasema ndiyo, lakini silivu ya chuma ndani ya alumini inachelewesha joto kutoka. Nikasema ni kweli, pistoni inatanuka na inahitaji nafasi zaidi, lakini mwenye pampu wa kijijini atampata wapi mtu wa kumpakia nikeli upya, si Lilongwe. Akasema kama utando umetoboka, basi silivu. Nikasema kama haukutoboka, usiuguse hata kidogo. Ilikuwa kama zamani, ubishi ule ule, yeye upande wa chuma na mimi upande wa utando, mpaka simu ikapata moto sikioni. Na vijana, kila nilichomwambia Mbewe alikuwa anakijua kabla sijakanyaga Malawi.

Mwishoni akasema nije Jumanne niione mwenyewe, maana mambo ya silinda hayaamuliwi kwa simu.

Nilikwenda. Uani pale Mtandire alikuwa ameweka meza chini ya bati, na juu yake kulikuwa na ile silinda, ndogo kama bilauri, imeoshwa kwa sabuni na kufutwa kwa kitambaa cheupe. Tulisalimiana kwa mkono. Niliitaka miwani yangu, sikuiona mfukoni, nikasema siwezi kuona mkwaruzo. Mbewe akaichukua silinda, akaingiza kidole, akafumba macho, akakizungusha polepole mpaka kikasimama.

"Hapa," akasema. "Utando mzima. Ni alumini imejipaka."

Tuliisafisha pamoja, yeye ameshika, mimi napaka asidi kwa kijiti chenye pamba, mikono yangu inatetemeka na yake imetulia. Ilichukua asubuhi yote. Kuhusu Mitundu hatukusema neno. Kazi ilipokwisha akaifunika ile silinda kwa gazeti isipate vumbi, akanawa mikono, akaniuliza kama nimekula.

Nilikuwa nimekula chapati mbili njiani. Nikamwambia bado.